Jinsi ya kusafisha pale jino linapozama kwenye fizi, maana ndo pale meno yanapoondokea

Wengi tunapiga mswaki mahali ambapo hamna shida. Ule uso wa mbele wa jino unaoonekana ukicheka unajisafisha wenyewe kwa kiasi fulani, mdomo unausugua, ulimi unaupitia, mhogo na muwa vinaukwangua, ukoga, yaani ule utando laini wenye bakteria, haupati raha ya kukaa pale. Ukoga unakaa ukingoni, kwenye ule mstari jino linapozama kwenye fizi, na cha ajabu ndo mstari ambao mswaki wa watu wengi unauruka kila siku asubuhi. Unatoka bafuni meno yanang'aa afu fizi ziko vile vile.

Angalia nyumba ya miti na udongo, zile za kwetu huku Newala na Tandahimba, mkoani Mtwara. Mvua hailambi katikati ya ukuta, inalamba chini, pale ukuta unapokutana na ardhi, na nyumba ikianguka inaanguka kwa sababu ya chini wakati juu udongo bado mzuri na chokaa ipo. Jino la mtu mzima nalo ni hivyo, unaweza kung'olewa jino ambalo halina hata tobo moja, zima kabisa, ila limekosa cha kulishika.

Mimi kazi yangu ni kumshikia daktari wa meno taa na vifaa, kwaiyo naviona vinywa vya kila aina, vya wavuvi wa Mikindani, vya wakulima wa korosho, vya walimu, na karibu wote wanauliza swali hilo hilo, mbona napiga mswaki kila siku na fizi zinatoa damu? Haya, tuanze na kujua pale pana nini, maana ukijua mkono wenyewe utaenda panapotakiwa.

Pale ukingoni pana nini

Sehemu ya jino inayoonekana imefunikwa na enameli, kitu kigumu kuliko vyote mwilini, kama asilimia 96 ya uzito wake ni madini. Juu kwenye kilele cha gego enameli inaweza kufika milimita 2 na zaidi kidogo, ila inavyoshuka kuelekea kwenye shingo ya jino inazidi kuwa nyembamba mpaka inaisha. Ikiisha enameli linaanza koti lingine linaitwa sementi, ndo linalofunika mzizi, na pale shingoni hilo koti ni jembamba mno, halifiki hata sehemu ya kumi ya milimita, na ni laini, ukilisugua kwa nguvu kila siku linakwisha. Chini yake kuna dentini, ya njano, imejaa vitundu vidogo sana vinavyoelekea ndani kwenye mshipa wa fahamu. Kuna watu wachache ambao enameli na sementi zao hazikutani vizuri, wamezaliwa na kijinafasi hapo katikati dentini iko wazi, hao fizi ikishuka kidogo tu maji ya baridi wanayasikia mpaka kwenye kisogo.

Sasa fizi yenyewe ikiwa nzima haiishii pale enameli inapoishia, inapanda juu kidogo kama milimita moja mpaka mbili na kuifunika ile shingo. Ila haijashikana na jino moja kwa moja kutoka juu. Kwanza kuna kijimfereji kinalizunguka jino lote, kina cha milimita 1 mpaka 3, afu ndo chini yake fizi imejishika kwenye jino, na chini zaidi kuna nyuzi nyingi sana zinazoufunga mzizi kwenye mfupa wa taya. Jino halijagandishwa kwenye mfupa, limening'inizwa na hizo nyuzi, ndo maana hata jino zima ukilisukuma sana linacheza kidogo mno.

Kwaiyo tuna mistari miwili. Mmoja hauhami, ni ule enameli inapokutana na sementi. Wa pili ni ukingo wa fizi, huu unahama. Mtu akikuambia "meno yangu yamerefuka siku hizi", meno hayajarefuka popote, mstari wa fizi umeshuka na anachokiona ni mzizi. Ukitazama vizuri kwenye kioo utaona rangi inabadilika, juu nyeupe, chini njano iliyokolea, na ukipitisha kucha taratibu utasikia kijingazi. Hapo kwenye kijingazi ndo fizi ilikuwa inapafunika.

Na kile kijimfereji ndo uwanja wenyewe wa mechi. Ukoga ukiingia mle ukaachwa, mate yanaanza kuupa madini, ndani ya siku moja mpaka tatu unaanza kuwa mgumu na baadaye unakuwa ugaga, ule wa njano au kahawia ambao mswaki hauwezi kuutoa hata usugue mpaka kesho. Mwili ukiona bakteria wamejazana hapo unapeleka damu nyingi, fizi inavimba, inakuwa laini, ukiigusa inatoka damu. Hatua hii ya kwanza inarudi kabisa ukisafisha, hamna kilichopotea. Hatua ya pili ndo mbaya, kile kishiko cha fizi kinaachia, mfupa unaanza kupungua, mfereji unageuka mfuko wa milimita 4, 5, 6 na kuendelea, na mswaki unafika kama milimita moja tu chini ya fizi kwaiyo bakteria wa chini wanakaa salama salimini. Mfupa ulioondoka haurudi wenyewe.

Mwaka 1965 huko Aarhus, Denmark, mtaalamu anaitwa Harald Löe na wenzake walichapisha jaribio ambalo mpaka leo wanafunzi wa meno wanafundishwa. Walichukua watu 12 wenye fizi nzima, wakawaambia waache kusafisha meno kabisa. Ndani ya wiki mbili tatu hivi wote fizi zimevimba, hakuna aliyeepuka. Wakarudi kusafisha, kama wiki moja fizi zikatulia. Ndo hivyo, kinachovimbisha fizi ni ukoga, sio damu chafu, sio jua, sio kula pilipili.

Jikague kwanza

Simama dirishani au nje asubuhi na kioo, tochi ya simu inasaidia ila mwanga wa jua ni bora. Vuta mdomo chini kwa kidole. Usianze na rangi, na hapa nawaomba sana mnielewe, vitabu vingi vinasema fizi nzima ni ya pinki, sisi weusi fizi zetu nyingi zina madoa ya kahawia au meusi kabisa, ni rangi ya ngozi tu hiyo, sio ugonjwa wala sio uchafu na hamna dawa ya kuitoa unayoihitaji. Tazama ukingo. Fizi nzima ukingo wake ni mwembamba, umelilalia jino, na katikati ya meno mawili inapanda na kuchongoka. Fizi inayoumwa ukingo unakuwa mnene, umeviringika, unang'aa, na ile ncha ya katikati imevimba au imekatika. Halafu bonyeza kidogo kwa kidole, kikitoka kitu cheupe au cha njano ni usaha, acha kusoma hapa nenda ukaonwe.

Baada ya hapo geuza kioo uangalie meno ya mbele ya chini kwa NDANI, upande wa ulimi. Watu hawaangaliagi huku. Chini ya ulimi ndo mirija ya mate inapofungukia, mate yana madini, kwaiyo ugaga unajengeka pale kuliko sehemu karibu zote. Sehemu nyingine ni magego ya juu upande wa shavu, nako kuna mrija wa mate unafungukia shavuni. Nimeona mtu anameremeta mbele, ukimwambia apanue unakuta nyuma ya meno ya chini kuna ukuta mmoja umeunganisha meno sita, wala hajui, anadhani ndo meno yake yalivyo.

Mswaki wenyewe

Chukua ule wenye nyuzi laini. Najua ule mgumu unaonekana unafanya kazi, wazee wanaupenda, ila ule mgumu ukiusukuma mbele nyuma unafanya mambo mawili, unaisukuma fizi chini na unalichimba jino pale shingoni penye lile koti jembamba mpaka panakuwa na pengo la pembe. Wanaotumia mkono wa kulia mara nyingi pengo linakuwa zaidi upande wa kushoto, kwa sababu ndo mkono unapoanzia na nguvu zote.

Kolgeti yoyote ni sawa ili mradi ina floraidi, soma pembeni ya boksi, ya mtu mzima iwe kati ya 1000 na 1500 ppm, hicho ndo kipimo cha floraidi. Mkaa, majivu, mchanga laini, hivyo achana navyo, vinang'arisha kwa kukwangua. Limao na magadi pia. Limao linaondoa enameli yenyewe, unaona meno yamekuwa meupe wiki ya kwanza afu baadaye yanakuwa ya njano kuliko mwanzo sababu dentini imesogea karibu na nje.

Sasa weka mswaki ukingoni, nusu ya nyuzi ziwe kwenye jino na nusu kwenye fizi, afu uulaze uelekee kwenye fizi kwa pembe ya nusu mraba, digrii 45. Meno ya juu nyuzi zinatazama juu, ya chini zinatazama chini. Bonyeza kidogo tu, ukiona nyuzi zimetawanyika umebonyeza sana. Tikisa mswaki hapo hapo, mitikisiko midogo midogo isiyozidi upana wa jino, usisafiri, hesabu kumi hivi kimoyomoyo, halafu vuta kuelekea kwenye ncha ya jino. Ndo usogee meno mawili yanayofuata. Ukishika mswaki kwa vidole badala ya ngumi hutaweza kuweka nguvu nyingi hata ukitaka.

Kwa ndani ya meno ya mbele mswaki haulali, usimamishe wima utumie ile ncha yake. Nyuma kabisa ya gego la mwisho funga mdomo kidogo, shavu lilegee, mswaki utapita, ukipanua sana shavu linabana.

Anza na mahali unapopasahau. Kama huwa unaanza mbele na kumalizia haraka nyuma basi geuza, anza ndani chini. Dakika mbili, mara mbili kwa siku, na kama unapiga mara moja tu basi iwe usiku, maana ukilala mate yanapungua na bakteria wanabaki peke yao. Ukimaliza tema, usisukutue na maji mengi, ile floraidi iache ifanye kazi. Hii wala haihitaji maji mengi, na kule juu kwenye uwanda wa Makonde ambako ndoo ya maji ina thamani kikombe nusu kinatosha na kubaki.

Wanaotumia mswaki wa mti, msiache, ni kitu kizuri ukitumiwa vizuri. Tafuna ncha mpaka iwe nyuzi laini, sugua kutoka fizini kwenda kwenye ncha ya jino, sio kukata kama msumeno kushoto kulia. Nyuzi zikichoka kata ncha utafune mpya. Na upake dawa ya meno, hamna anayekuzuia.

Damu

Ukianza kupiga mswaki hivi siku za mwanzo damu itatoka, pengine kuliko ulivyozoea, na hapa ndo watu wengi wanarudi nyuma, anasema "ah nimejiumiza", anapakwepa pale. Ukipakwepa ukoga unazidi, fizi inavimba zaidi, ukija kupagusa damu mara mbili. Damu inakuonyesha mahali pa kwenda. Endelea taratibu na mswaki laini, ndani ya wiki moja mbili inapungua sana au inakata. Isipokata, kuna ugaga umejificha chini ya fizi, hapo mswaki hauna la kufanya tena.

Ila mvutaji asijidanganye. Sigara inabana mishipa midogo ya damu, fizi ya mvutaji inaweza isitoe damu kabisa na huku chini mfupa unaisha. Ugoro nao, pale unapouweka kila siku kati ya mdomo na fizi, fizi inashuka pale pale. Hata vijana wanaotoboa mdomo kuweka pini, chuma kikigusa fizi kwa miaka, fizi inarudi nyuma, na ukifikiria bibi zetu wa Kimakonde na zile ndonya, vile vidude walivyovaa kwenye tundu la mdomo wa juu, mambo ni hayo hayo, kitu kigumu na fizi havipatani.

Katikati ya meno

Mswaki haufiki katikati, na ugonjwa wa fizi unapenda kuanzia huko. Uzi wa meno upo maduka ya dawa ya mjini, Mtwara na Masasi ukiulizia unapata. Kata kipande kirefu kama mkono kutoka kidoleni mpaka kwenye kiwiko, zungushia vidole vya kati, ingiza kwa kuchezesha, usiuchape ukapiga fizi. Ukifika chini ukumbatishe kwenye jino la kwanza, telezesha juu chini, afu kwenye jino la pili. Watu wanaingiza na kutoa tu moja kwa moja, hiyo inatoa nyama iliyokwama ila ukoga umeuacha. Wenye nafasi kubwa vile vibrashi vidogo vya katikati ni bora zaidi ya uzi. Vijiti vya kuchokolea meno ni vya kutoa nyama ya pweza basi, ukivichimbia kila siku unaipunguza ile ncha ya fizi na shimo linabaki la kudumu.

Msimu wa mabibo

Hii ni ya kwetu kabisa. Enameli inaanza kuyeyuka mdomo ukiwa na asidi ya pH kama 5.5 (pH ni kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi inazidi), ila mzizi uliokaa wazi unaanza mapema, hata kwenye 6 na kitu. Sasa msimu wa korosho ukifika watu wanakula mabibo, lile tunda la mkorosho, kutwa, wanakunywa uraka, ile pombe ya mabibo, kuna ukwaju na embe mbichi na chumvi. Meno yakitiwa ganzi hapo sio uchawi, ni ile shingo iko wazi. Mabibo yana vitamini C nyingi na fizi zinaihitaji, kwaiyo sikuambii uache, kula kwa mkupuo sio kumumunya kutwa, sukutua na maji ya kawaida ukimaliza, na usikimbilie mswaki hapo hapo, subiri kama nusu saa mate yatulize asidi kwanza.

Na ukishauriwa kupaka mafuta ya ganda la korosho kwenye fizi au jino linalouma, kataa. Wanaobangua korosho wanajua yale mafuta yanavyobabua mikono, sasa fizi si zaidi. Aspirini ya kubandika kwenye fizi nayo inaunguza, kidonge kinamezwa.

Wajawazito na wenye sukari

Dada zangu wajawazito, fizi kuvimba na kutoa damu wakati wa mimba ni homoni zinafanya fizi iwe kali kwa ukoga ule ule uliokuwepo, mtoto haleti kidonda wala hali meno ya mama. Piga mswaki kama kawaida, na kusafishwa meno hospitali ukiwa mjamzito inaruhusiwa, mwambie tu daktari una miezi mingapi. Wenye kisukari, hivi vitu viwili vinavutana, sukari ikiwa juu fizi haziponi, fizi zikiwa na ugonjwa sukari inakuwa ngumu kushuka. Fizi zikikusumbua bila sababu ya kueleweka na unakojoa sana na kiu haiishi, kapime.

Ukienda hospitali

Hospitali za rufaa za mkoa, Ligula pale Mtwara na Sokoine pale Lindi, zina idara ya meno, na usisubiri jino licheze. Usiseme tu "naumwa jino" maana utapelekwa moja kwa moja kwenye kung'oa, sema "nataka mnipime fizi na kunikwangua ugaga". Watatumia kijichuma chembamba chenye alama za milimita, kinaingizwa taratibu kwenye ule mfereji kuzunguka jino. Uliza namba. 1, 2, 3 uko vizuri, 4 ni ya kuangaliwa, 5 na 6 kuna kazi ya kusafisha mpaka kwenye mzizi, na pengine utachomwa ganzi.

Kuna maneno mtaani kwamba kukwangua ugaga kunalegeza meno na kuacha mianya. Mwanya ulikuwepo tangu zamani, ugaga ndo ulikuwa umekaa ndani yake, na fizi iliyovimba ikipoa inasinyaa kwaiyo utaona meno yametengana kidogo na maji ya baridi yatakusumbua siku kadhaa. Jino likicheza baada ya hapo lilikuwa linacheza kabla, ugaga ulilishikiza kwa jirani yake. Usijikwangue mwenyewe na pini, wembe au sindano, hata kama video uliyoiona inaonekana rahisi, utachana kile kishiko cha fizi na hakuna wa kukishona.

Mswaki badilisha kila miezi mitatu hivi au nyuzi zikishatawanyika, kila mtu na wake hata kama ni mume na mke, usiuhifadhi umefungiwa kwenye mfuko wa nailoni ukiwa mbichi. Ule wa zamani sugulia cheni ya pikipiki.